Maziwa ya unga yenye mafuta na maji baridi: kwa nini hayapatani, na hupatanishwaje

Mimina maji baridi kwenye glasi, chota kijiko kimoja cha maziwa ya unga yenye mafuta yake yote, kisha umwage unga huo juu ya maji taratibu bila kukoroga. Sogeza macho karibu. Unga unakaa juu kama vumbi, mkavu kabisa, ingawa chini yake kuna maji tele. Baada ya muda kingo zake zinaanza kulowa na kugeuka manjano hafifu. Tia kijiko, koroga, na sasa unapata mabonge madogo yanayozungukazunguka ndani ya maji meupe. Opoa bonge moja ulipasue kwa ncha ya kijiko: nje ni ute mzito unaonata, ndani ni unga mkavu uleule uliotoka kwenye kopo. Bonge lilikuwa majini muda wote huo, na bado lina kiu.

Glasi hiyo imezaa maneno mengi. Wapo wanaoapa kwamba maziwa yanayoelea ni feki. Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba yanayochanganyika haraka ndiyo ya kutiliwa shaka kwa sababu lazima yametiwa kemikali. Na wapo wanaoamini kwamba dawa ya yote ni maji yanayochemka. Nimesikia madai yote matatu yakitoka kwa watu makini, na nadhani sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na neno moja tunalolitumia kila siku: kuyeyuka.

Neno moja, mambo mawili

Tunasema siagi imeyeyuka kikaangoni, na tunasema sukari imeyeyuka kwenye maji. Neno ni moja lakini mambo ni mawili. Siagi imepata joto ikawa kimiminika; maji hayakuhusika hata tone. Sukari imeachanishwa na maji, molekuli kwa molekuli, hadi huioni tena. Joto huharakisha tu, si lazima liwepo. Maziwa ya unga yenye mafuta yamenaswa katikati ya maana hizi mbili. Mafuta yaliyotanda juu ya kila chembe hayajayeyuka kama siagi kwa sababu maji ni baridi. Na kwa kuwa hayajayeyuka, yanakizuia kilichomo ndani kisiyeyuke kama sukari.

Tena si kila kilichomo ndani ya maziwa huyeyuka majini. Vinavyoyeyuka kikweli ni sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, pamoja na chumvichumvi. Protini nyingi, hasa ile iitwayo kaseini ambayo ni takriban asilimia 80 ya protini yote ya maziwa ya ng'ombe, hukaa katika vijitufe vidogo mno vinavyotawanyika majini. Mafuta hayayeyuki majini kamwe, hata katika maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Humo yanaelea yakiwa matone madogo, kila tone limevaa ngozi nyembamba inayolizuia lisiungane na mwenzake. Kwa hiyo tunapoudai unga "uyeyuke", tunachokitaka hasa ni urudie hali hiyo: laktosi iyeyuke, protini itawanyike, mafuta yasambae bila kukusanyika juu.

Wataalamu wa maziwa huigawa kazi hiyo katika hatua nne. Kwanza chembe ilowe, yaani uso wake uyakubali maji. Pili izame. Tatu iachane na wenzake badala ya kushikamana nao kuwa bonge. Nne, vilivyomo viyeyuke na kutawanyika. Unga usio na mafuta hulowa bila ubishi mkubwa, na shida yake huwa kwenye hatua ya tatu. Unga wenye mafuta hukwama mlangoni, kwenye kulowa, na ndiyo maana kuukoroga kwa nguvu kunasaidia kidogo tu: unaupeleka chini kwa lazima kabla haujakubali maji.

Asilimia 26 zinavyoshinda zilizobaki

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex Alimentarius, maziwa ya unga yenye mafuta yote ni yale yenye mafuta kuanzia asilimia 26 na yasiyofika asilimia 42. Yaliyoondolewa mafuta hayapaswi kuzidi asilimia 1.5. Kuanzia asilimia 42 kwenda juu tunaingia kwenye krimu ya unga. Yote yanatakiwa yasiwe na maji zaidi ya asilimia 5. Asilimia 26 zikikushtua, kumbuka kwamba unga huo ni maziwa yaliyopokonywa maji: ukichukua gramu 130 hivi na kuongeza maji hadi ipatikane lita moja, unarudi kwenye maziwa ya kawaida yenye mafuta ya asilimia 3.3 hivi.

Sasa swali la haki kabisa: ikiwa mafuta ni robo tu, na karibu robo tatu iliyobaki ni laktosi na protini zinazopenda maji, kwa nini robo iwashinde walio wengi?

Fikiria ukuta uliopakwa rangi. Rangi ni kitu kidogo sana ukiilinganisha na matofali na saruji, lakini ukiugusa ukuta unagusa rangi, na mvua ikinyesha inakutana na rangi. Chembe ya maziwa iko vivyo hivyo. Watafiti walipopima kilichopo juu kabisa ya chembe za maziwa ya unga yenye mafuta yote, walikuta karibu uso mzima umefunikwa na mafuta. Na hesabu yake si ngumu. Chukua chembe ya mviringo, ondoa asilimia 1 tu ya ujazo wake, uitandaze juu yake. Unapata utando ambao unene wake ni kama sehemu moja ya 600 ya upana wa chembe. Ni mwembamba mno, lakini unaifunika chembe pande zote. Maji hayajui kwamba ndani kuna robo tatu za marafiki. Yanakutana na mafuta peke yake.

Mafuta hayo yanafikaje juu? Kiwandani maziwa hupashwa joto, kisha hupunguzwa maji mpaka karibu nusu yake iwe yabisi. Baada ya hapo hunyunyizwa kama ukungu ndani ya mnara wenye hewa ya moto ya nyuzijoto 180 hadi 200 hivi. Matone yenyewe hayafikii joto hilo kwa sababu maji yanayotoka huyapoza, na kwa muda mfupi kila tone limekauka likawa chembe ambayo mara nyingi haifiki upana wa milimita 0.1. Katika kukauka huko, na baadaye chembe zikiwa bado za moto zinagongana ndani ya mabomba, baadhi ya matone ya mafuta hupasuka. Mafuta yake hupenya kwenye nyufa na kutanda nje. Watu wa viwanda huyaita mafuta huru, kwa kuwa yamepoteza ile ngozi iliyokuwa ikiyashika. Haya machache ndiyo chanzo cha ugomvi wote. Mafuta yaliyobaki ndani, kila tone na koti lake, hayamsumbui mtu.

Ukitaka kuona ugomvi huo bila darubini, nenda kwenye sinki. Chukua sahani iliyoliwa chakula chenye mafuta, iweke chini ya maji baridi. Maji hayatandi, yanajikusanya matone matone na kuteleza, huku mafuta yakibaki yameganda palepale. Imwagie maji ya moto, mafuta yanalainika na mengine yanaondoka. Tia sabuni, na maji ya vuguvugu tu yanatosha. Nitairudia sahani hii, kwa sababu karibu kila mbinu ya kuufanya unga wa maziwa ukubali maji ina mfano wake pale sinki.

Kuhusu kuelea, jibu linawashangaza wengi. Chembe ya maziwa yenye mafuta ya asilimia 26 ni nzito kuliko maji, ikilowa, itazama. Inaelea kwa sababu maji yameukataa uso wake na kwa sababu hewa imenaswa ndani yake na katikati yake na wenzake. Krimu ya unga ni kesi tofauti kidogo. Mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji, na kadiri yanavyozidi ndivyo uzito wa chembe unavyokaribiana na ule wa maji. Mafuta yakifika asilimia 70, hata chembe iliyolowa vizuri haina haraka ya kwenda chini.

Baridi inazidisha nini

Mafuta ya maziwa ni mchanganyiko wa mafuta mengi ya aina tofauti, na kila aina ina joto lake la kuyeyukia. Ndiyo maana hayana nyuzijoto moja ya kuyeyuka kama barafu. Yanaanza kulainika mbali chini ya sifuri na hayaishi kuyeyuka mpaka karibu nyuzijoto 40. Katika joto la kawaida la chumba sehemu kubwa ni kimiminika na kidogo ni kigumu. Kwenye jokofu, karibu nusu imeganda. Utando ulioganda juu ya chembe hauna uwezo wa kusogea, kujikunja kuwa tone na kupisha maji.

Maji nayo hubadilika. Mnato wa maji ya nyuzijoto 5 ni karibu mara tatu ya ule wa maji ya nyuzijoto 50, kwa hiyo yanapenya polepole zaidi kwenye vinjia vyembamba kati ya chembe. Mambo mawili, basi, yanakuja kwa wakati mmoja: mlango umefungwa, na mgeni mwenyewe anatembea kwa kujikokota.

Hapo ndipo watu hukimbilia birika. Ni kweli kwamba joto huyeyusha mafuta, lakini maji yanayochemka yana madhara yake. Chembe za nje za rundo hulowa na kuvimba ghafla, zikatengeneza ute mzito unaofunga njia kabla maji hayajafika ndani. Protini nazo hazipendi kukutana na joto kali zikiwa bado kavu na zimebanana. Zinaweza kuganda kuwa vipande visivyotawanyika tena. Kwa maziwa ya unga ya kawaida, joto linalofanya kazi vizuri zaidi ni la nyuzijoto 40 hadi 50: mafuta yote yameyeyuka, protini ziko salama, na kidole kinalivumilia.

Kutoka vumbi kuwa vishada

Kabla ya kugusa mafuta, watengenezaji walijifunza kitu kuhusu umbo. Mwaga maji juu ya rundo la kokoto: yanapita mpaka chini mara moja. Mwaga maji hayo hayo juu ya rundo la unga laini: yanasimama juu. Vinjia kati ya chembe ndogo ni vyembamba mno, na hata vikifanikiwa kuvuta maji kidogo, chembe za ukingoni zinavimba na kuviziba. Bonge lile tulilolipasua kwa kijiko lilitengenezwa hivyo.

Dawa yake ni kuzifanya chembe ziwe kubwa bila kuzifanya kuwa ngumu. Katika miaka ya 1950 Mmarekani David Peebles alikuja na njia ya kuzilowesha chembe za maziwa makavu kidogo tu, kiasi cha kunata, kuziacha zigongane na kushikana, kisha kuzikausha tena. Zilizotoka zilikuwa vishada vilivyojaa matundu. Siku hizi viwanda vingi hufanya hivyo ndani ya mnara wenyewe wa kukaushia: vumbi jepesi hurudishwa juu, pale maziwa mazito yanaponyunyizwa kama ukungu, na chembe kavu hukutana na matone ambayo bado hayajakauka yakanasana nazo. Kila kishada kina upana wa sehemu kadhaa za kumi za milimita.

Kama una lenzi ya kukuzia, mwaga kidogo maziwa ya unga yanayoandikwa kuwa ya papo hapo juu ya karatasi nyeusi. Utaona vitu kama vishada vya zabibu, vimeshikana kwenye ncha tu, na kati ya zabibu na zabibu kuna nafasi. Kila nafasi ni njia ya maji. Kishada kikidondoka majini, maji huingia ndani yake kabla uso haujaanza kunata, kikalemewa, kikazama, na huko chini kikaachana chembe chembe. Ndiyo maana pia unga huo huonekana mwingi koponi kwa uzito uleule: umebeba hewa kati yake. Na ndiyo maana hupaswi kuukandamiza kwa kijiko au kuutikisa sana; vishada vikivunjika, umerudi kwenye vumbi.

Kwa maziwa yasiyo na mafuta, kazi inaishia hapo. Vishada vinatosha kabisa. Kwa maziwa yenye mafuta, vishada vinatosha kwenye maji ya vuguvugu tu. Kwenye maji baridi bado kuna ule utando, na maji yanakataa kuingia hata kwenye njia pana kama kuta zake zimepakwa mafuta.

Lesithini, sabuni inayolika

Hapa turudi kwenye sahani. Sabuni hufanya kazi kwa kuwa molekuli yake ina pande mbili: upande mmoja unashika mafuta, mwingine unashika maji. Maji hayalazimiki kuyapenda mafuta, yanamshika mpatanishi. Maziwa yanahitaji mpatanishi wa namna hiyo anayelika, na aliyeteuliwa ni lesithini.

Lesithini si jina geni kwa mwili wako. Ni kundi la mafuta yenye fosforasi, na molekuli za aina hiyo ndizo zinazojenga utando wa kila seli mwilini. Mkemia Mfaransa Théodore Gobley aliitenga kutoka kwenye kiini cha yai katika miaka ya 1840, na jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la kiini cha yai. Siku hizi nyingi hupatikana kwenye soya na alizeti. Hata maziwa yenyewe yana jamaa zake: ile ngozi inayolizunguka kila tone la mafuta katika maziwa mabichi imejengwa kwa sehemu na molekuli za ukoo huo huo. Kwenye pakiti utaikuta kwa jina lake au kwa namba 322. Ukiiona, umeona kitu kilicho ndani ya kila yai ulilowahi kula.

Kinachonivutia katika mbinu hii ni udogo wa kiasi kinachotumika. Kilo moja ya unga hupewa takriban gramu 2 za lesithini. Lakini gramu hizo lazima ziende mahali sahihi, yaani juu ya chembe. Ukiitia lesithini ndani ya maziwa kabla ya kuyakausha, nyingi itabaki imefungiwa ndani ya chembe ambako haina kazi ya kulowesha. Kwa hiyo huchanganywa na mafuta safi ya maziwa, ndugu wa samli, ili iwe nyepesi ya kunyunyizika, mchanganyiko hupashwa joto, kisha hunyunyizwa juu ya vishada ambavyo bado ni vya moto na vinarushwarushwa na hewa kutoka chini. Joto hilo linaisaidia kutanda kabla unga haujapoa. Unga ukikutana na maji baridi, vichwa vya lesithini vinavyopenda maji vinayavuta, na kile kilichokuwa ukuta kinakuwa mlango.

Mpangilio ni huo: vishada kwanza, lesithini baadaye. Ukipuliza lesithini juu ya vumbi, sehemu kubwa inaishia kwenye chembe ndogondogo kwa sababu vumbi lina uso mkubwa mno kwa uzito wake, na vinjia vyembamba bado vipo. Ndiyo maana viwanda huchuja vumbi na kulirudisha nyuma kabla ya hatua hii. Hali hizo mbili zikikutana, kijiko cha unga huzama kwenye maji ya nyuzijoto 20 kwa sekunde chache bila kukorogwa. Kwa maneno mengine, maziwa ya papo hapo hayajapunguzwa mafuta. Mafuta ni yale yale; kilichobadilishwa ni ngozi na umbo la chembe.

Kupunguza mafuta huru tangu mwanzo

Njia nyingine ni kuhakikisha mafuta machache yanatoroka. Kabla ya kukausha, maziwa mazito husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia upenyo mwembamba sana, matone ya mafuta yakavunjika kuwa madogo zaidi. Ngozi ya awali haitoshi tena kuyafunika yote, kwa hiyo protini za maziwa hukimbilia kujaza nafasi. Kila tone dogo linapata koti la protini ambalo linavumilia ukaushaji vizuri zaidi.

Krimu ya unga ndiyo mtihani mkubwa wa mbinu hii. Protini ni chache na mafuta ni mengi, kwa hiyo makoti hayatoshi. Watengenezaji huongeza kaseini iliyotayarishwa iweze kuyeyuka, na wanga uliovunjwavunjwa unaoitwa maltodekstrini ili kujenga ukuta kati ya matone. Unga wa namna hiyo pia hupozwa mapema baada ya kutoka mnarani ili mafuta yagande yakiwa bado ndani. Ukikutana na krimu ya unga inayokataa maji baridi hata baada ya yote haya, usishangae.

Kuhusu feki, kemikali na watoto wachanga

Nimeona watu wakimwaga chakula kizuri kabisa kwa kuamini kwamba kuelea ni ushahidi wa udanganyifu, na jambo hilo linaniuma. Kuelea kunakuambia kuhusu uso wa chembe. Hakukuambii ndani kuna nini. Maziwa halisi yenye mafuta yote, yaliyokaushwa bila vishada wala lesithini, yataelea na kufanya mabonge, na hayo ni maumbile yake. Kwa upande mwingine, kuna bidhaa zinazotengenezwa kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta kisha yakaongezwa mafuta ya mimea. Hizo zina kiwango chake tofauti cha Codex, si haramu, lakini si maziwa yenye mafuta yake yenyewe, na zinaweza kuandaliwa kwa mbinu hizi hizi zikachanganyika haraka sana. Glasi ya maji haitakutofautishia. Orodha ya viungo kwenye pakiti itakutofautishia.

Jambo moja halina mjadala. Kukubali maji baridi hakumaanishi kwamba unga hauna vijidudu. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga si tasa hata kopo likiwa halijafunguliwa, na yanaweza kubeba bakteria hatari kama Cronobacter. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri yatayarishwe kwa maji yasiyo chini ya nyuzijoto 70, kisha yapozwe haraka kabla ya mtoto kulishwa. Joto hilo limewekwa kwa ajili ya kuua vijidudu, halihusiani na mabonge. Usilipunguze kwa sababu unga unachanganyika vizuri ukiwa baridi. Na maziwa ya unga ya kawaida, ya papo hapo au la, hayawezi kuchukua nafasi ya maziwa hayo ya watoto.

Ukiwa na kopo la kawaida mkononi

Kama unga wako hauna vishada wala lesithini na unataka kinywaji baridi, usianze na maji baridi. Weka unga kwenye bakuli, ongeza maji safi ya vuguvugu kidogo kidogo huku ukiponda mpaka upate uji laini usio na bonge hata moja. Uji huo ukishakuwa sawa, mafuta yameshayeyuka na kila chembe imelowa, ndipo umimine maji baridi yaliyobaki. Kuukoroga uji mzito kunavunja mabonge kuliko kukoroga maji mengi, kwa sababu kwenye maji mengi bonge linakukimbia kijiko.

Ukitaka kutumia sukari, ichanganye na unga ukiwa mkavu. Punje za sukari ni kubwa na zinapenda maji. Zinazitenga chembe za maziwa na kufungua njia kati yake. Ni vishada vya kienyeji, kwa namna fulani. Unga wa papo hapo wenyewe unataka kinyume cha uji: nyunyiza juu ya maji, kwenye chombo chenye mdomo mpana, uuache uzame kabla ya kukoroga.

Kisha subiri. Hata pale macho yanaposema kazi imekwisha, vijitufe vya kaseini bado vinaendelea kunywa maji. Nusu saa kwenye jokofu inabadilisha ladha. Ule ukavu wa unga mdomoni unapungua.

Namna ya kuhifadhi ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Laktosi iliyo kwenye unga haikupata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele ilipokaushwa ghafla. Ipo kama kioo. Kioo hicho kikivuta unyevu wa hewa kinanata, kisha laktosi inajipanga kuwa fuwele na kuyasukuma mafuta nje. Hivyo kopo lililoachwa wazi, au lililochotwa kwa kijiko kibichi, linatengeneza mafuta huru mapya kila siku. Joto la kabatini karibu na jiko linafanya vivyo hivyo kwa njia ya mkato, kwa kuyayeyusha mafuta yakapenya nje. Unga uliochanganyika vizuri siku ulipofunguliwa unaweza kukataa maji wiki kadhaa baadaye, na kiwanda hakihusiki.

Sasa rudia ile glasi ya mwanzo, na uisome. Unga ukibaki juu ukiwa mkavu, tatizo ni kulowa, yaani utando wa mafuta: ongeza joto la maji kidogo. Ukizama lakini ukiwa mabonge, tatizo ni vumbi na vinjia vilivyoziba: anza na uji. Ukichanganyika vizuri kisha ukaacha mashapo meupe chini ya glasi, protini zimechoka, kwa umri au kwa joto, na hakuna maji yatakayozirudisha. Na ukiona vijiduara vya mafuta vinavyong'aa vikielea juu ya maziwa yaliyokwisha changanyika, hayo ni mafuta huru yaliyopoteza makoti yake. Yanuse kabla ya kunywa, kwa sababu mafuta yasiyo na koti ndiyo hukutana na hewa kwanza na kuchacha kabla ya mengine.